Noti 20 kwa saa tisa: hesabu sahihi iliyovunja manowari saba

Saa 3:00 kamili usiku wa tarehe 8 Septemba 1923, manowari ya Marekani iitwayo Delphy iliacha mwelekeo wake wa kusini na kugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea mashariki, nyuzi 095. Nyuma yake zilifuata manowari nyingine kwa mstari, zimebanana, kila moja ikimwandama aliye mbele yake kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuandama. Ukungu ulikuwa umetanda. Kwa hesabu za chumba cha ramani, mbele yao palikuwa wazi: Mlango wa Santa Barbara, pwani ya California, maji mapana ya kutosha kupitisha kikosi kizima. Saa 3:05 Delphy ilipanda mwamba, ikiwa bado katika mwendo wa noti 20.

Dakika tano. Hesabu hiyo ndogo tuimalize kwanza. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, na maili ya bahari ni mita 1,852. Mabaharia wanapenda kuhesabu kwa dakika sita, maana dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa: chombo cha noti 20 kinakwenda maili 2.0 katika dakika sita, cha noti 13 kinakwenda maili 1.3. Unasogeza nukta tu, kalamu huigusi. Dakika tano basi ni pungufu kidogo ya maili mbili. Kwa kanuni kamili, umbali ni kasi mara dakika, ukagawe kwa 60: 20 × 5 ÷ 60 = maili 1.67, kama kilomita tatu hivi. Yaani wakati amri ya kugeuka inatolewa, kwa imani kwamba kona ya bara imeshapitwa na sasa wanaingia mlangoni, nchi kavu ilikuwa kilomita tatu kutoka omo.

Mahali penyewe panaitwa Honda Point, au Punta Pedernales, kaskazini kidogo mwa Point Arguello. Wenyeji wamepapa jina la Taya la Shetani, na anayeitazama picha ya miamba ile, ilivyochomoza kama meno yaliyopishana, haulizi kwa nini.

Kikosi kilikuwa cha manowari 14 za aina ya Clemson, nyembamba, zenye mabomba manne ya moshi, mpya kabisa: hakuna hata moja iliyotimiza miaka mitano. Zilitoka San Francisco asubuhi kwenda San Diego, safari ya zaidi ya maili 400 za bahari, na zilitakiwa kukimbia noti 20 mfululizo kama zoezi la vita. Kamanda wa kikosi, Kapteni Edward H. Watson, alikuwa ndani ya Delphy. Nahodha wa Delphy, Donald T. Hunter, ndiye pia aliyeshika hesabu za njia kwa niaba ya kikosi chote. Mtu mmoja, ramani moja, penseli moja, na vyombo kumi na vinne vinamfuata.

Kabla ya adhuhuri waliipita Pigeon Point, penye mnara wa taa, kusini mwa San Francisco. Hapo walijua walipo. Kuanzia hapo njia ilichorwa kwa dira na saa: shika nyuzi 150, hesabu muda, zidisha kwa kasi, pima umbali huo kwa bikari pembeni mwa ramani, ambako dakika moja ya latitudo (sehemu ya sitini ya nyuzi moja, si dakika ya saa) ni maili moja, kisha weka alama kwenye mstari. Ndiyo njia ya zamani kuliko zote na si ya kudharau. Vasco da Gama aliitumia, na hata leo kwenye chumba cha usukani chenye skrini tano bado kuna anayeichora kwa mkono.

Tangu Pigeon Point hadi ile saa 3:00 usiku zilipita zaidi ya saa tisa. Tuchukue saa tisa kamili ili hesabu iwe nyepesi. Noti 20 mara saa 9 ni maili 180. Hakuna mwanafunzi wa darasa la tano atakayekosea hapo, na Hunter, aliyesifika katika jeshi lake kwa ujuzi wa njia, hakukosea. Kuzidisha kulikuwa sawa. Tatizo ni ile 20.

Tuiulize ilitoka wapi. Kwenye manowari zile kasi ilijulikana kwa kuhesabu mizunguko ya rafadha, pangaboi linalosukuma chombo. Chombo kikiwa kipya hupelekwa mahali palipopimwa, baharini shwari, kikakimbizwa mara kadhaa, na wahandisi wakaandika jedwali: mizunguko kadhaa kwa dakika ni noti kadhaa. Baada ya hapo nahodha akitaka noti 20, chumba cha mitambo kinaweka mizunguko ya noti 20, na kitabu kinaandikwa 20. Anayejua barabara ya mchanga ameshaona ulaghai huu kwa macho: gari limezama, tairi zinazunguka, mshale wa kasi unasoma 40, na mnazi ulio dirishani uko palepale. Baharini mnazi haupo. Mawimbi yakitokea nyuma, shetri, yaani nyuma ya chombo, inainuka, rafadha inakata maji mepesi yenye povu, inazunguka sana na kusukuma kidogo. Chaza na mwani wakiota chini ya chombo, mambo ni yaleyale. Jedwali halijui habari hizo.

Kwa hiyo 20 ilikuwa amri iliyotolewa kwa mitambo. Ikaingia kwenye kanuni ikiwa imevaa nguo za kipimo, na kila jibu lililotoka humo likavaa nguo zilezile. Kwangu mimi kosa la usiku ule lilizaliwa hapo, saa nyingi kabla ya usukani kugeuzwa.

Wazee wa majahazi wangeuliza: batli mlitia? Kutia batli ni kutupa ubao majini ukiwa umefungwa kamba yenye mafundo kila baada ya urefu fulani, ukahesabu mafundo mangapi yametoka mkononi mchanga wa chupa ukiisha. Neno noti limetoka huko huko, kwenye fundo, kwa Kiingereza knot. Batli angalau inapima chombo kinavyoachana na maji. Lakini hata yenyewe haikwambii maji yenyewe yanakwenda wapi. Mkondo ukikurudisha nyuma noti moja, ubao unarudi pamoja nawe, na kamba inaendelea kukuhesabia mafundo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kasi ya majini na kasi ya juu ya ardhi ni vitu viwili, na miamba inafuata ile ya pili.

Sasa tupime ukubwa wa kosa. Nikiweka bikari kwenye ramani, kutoka Honda Point hadi Point Conception, kona halisi ambayo ukishaipita ndipo Mlango wa Santa Barbara unafunguka, napata maili 12 na ushei. Tuseme 12. Chombo kikiwa nyuma ya hesabu kwa maili 12 baada ya saa tisa, kosa la kasi ni 12 ÷ 9, noti 1.33. Maana yake badala ya noti 20 walikuwa wakienda 18.67 na hawakujua. Ni namba za kuonyesha kipimo tu, si za mahakama, lakini zitazame vizuri: ni kosa lisilofika asilimia 7. Mtu akikutajia bei ya samaki akakosea asilimia 7 humgombezi. Hapa asilimia 7 ndiyo tofauti kati ya maji mapana na Taya la Shetani.

Na kosa la namna hii halikai lilivyo, linanenepa kwa saa. Chukua safari ya kwetu, Dar es Salaam hadi Unguja mjini, maili 40 hivi. Kwa noti 20 ni saa mbili. Ukikosea noti 1.33 utakuwa umepungukiwa na maili 2.7, na bado kisiwa cha Chumbe utakiona kwa macho na kucheka. Kosa lilelile kwa saa tisa ni maili 12, usiku, katika ukungu. Ndiyo maana baharia makini haweki nukta peke yake kwenye ramani. Anaizungushia duara, na kila saa inayopita bila kuona alama ya nchi kavu, duara linakua. Ukijipa asilimia 5 tu ya shaka kwenye maili 180, duara lako lina maili 9 kila upande. Wakati wa kugeuka swali haliwi tena "nukta iko wapi?" Linakuwa "je, kuna mwamba ndani ya duara?" Kwa Delphy saa 3:00 usiku, jibu la swali hilo lilikuwa likionekana kwenye karatasi, pasipo haja ya kutazama nje, kwa sababu kosa lilikuwa na pande mbili: walikuwa nyuma, na pia walikuwa ndani, karibu na bara kuliko walivyodhani. Duara huona yote mawili, mstari hauoni.

Watu wengine walitafuta sababu mbali zaidi. Juma moja kabla, tarehe 1 Septemba, tetemeko kubwa la Kanto lilikuwa limeiangusha Tokyo na Yokohama, na ikasemwa kwamba Pasifiki ilikuwa bado haijatulia, kwamba mikondo isiyo ya kawaida ilivisukuma vyombo. Siku hiyohiyo meli ya abiria na barua, Cuba, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha San Miguel, upande wa pili wa mlango, jambo lililowapa nguvu wasemaji. Huenda. Lakini naona tetemeko linapewa kazi kubwa mno hapa. Mkondo wa California kwa kawaida unakwenda kusini. Aliyeutegemea angetarajia kusaidiwa njiani, na akikuta hakusaidiwa, hesabu yake tayari ina kasoro hata kama Japani imetulia kama maji ya mtungi. Wanaovua kati ya Unguja na Pemba wanaujua mkondo wetu unaopanda kaskazini, na wanajua pia kwamba nguvu yake haifanani wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Hakuna anayeupima kwa kuuliza umetoka wapi. Unaupima kwa kulinganisha pale ulipodhani upo na pale ulipo kweli, na kwa hilo unahitaji kitu cha pili, cha nje ya hesabu yako.

Kitu hicho walikuwa nacho. Sehemu hii hunikera kila nikiisoma.

Point Arguello palikuwa na kituo cha redio cha kutafuta mwelekeo. Meli inatuma mawimbi, kituo kinazungusha antena na kuijibu: uko upande fulani kutoka kwangu. Ilikuwa teknolojia changa, na ilikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana: antena ya aina ile ingeweza kuchanganya mbele na nyuma, ikakwambia uko kaskazini kumbe uko kusini, tofauti ya nyuzi 180 kamili. Jioni ile Delphy iliuliza, na kituo kikajibu kwamba bado iko kaskazini. Hunter alikuwa na hesabu inayosema kituo kimeshapitwa au kinapitwa. Kati ya namba mbili zinazogombana alichagua yake, na ugonjwa wa antena ukampa sababu nzuri ya kufanya hivyo: bila shaka wamegeuza, tuko kusini.

Nimtetee kidogo. Chombo cha mwaka 1923 kinachojulikana kukosea, dhidi ya njia iliyokuwa ikileta meli nyumbani kwa mamia ya miaka. Wengi wetu tungefanya kama yeye. Lakini kuna hesabu ya mantiki aliyoiruka. Redio ikikosea, inakosea kwa kuchanganya mbele na nyuma. Basi kuna majibu mawili tu: kaskazini au kusini. Moja linakuweka salama, lingine linakuweka juu ya mwamba ukigeuka sasa. Huhitaji kujua lipi ni kweli ili kujua usigeuke sasa.

Na kulikuwa na njia ya kuamua ambayo haihitaji redio wala jua wala nyota: bildi. Unateremsha uzito wa risasi kwa kamba, unahesabu pima, unasoma kina kwenye ramani. Katikati ya mdomo wa Mlango wa Santa Barbara bahari ina kina cha mamia ya mita. Ukikaribia miamba ya Arguello kinashuka hadi makumi. Namba mbili zisizoweza kuchanganywa. Hawakupima. Kutia bildi kulihitaji kupunguza mwendo, na zoezi lilikuwa la mwendo.

Ilikuwa inagharimu kiasi gani? Tufanye hesabu ambayo ingefaa ifanywe kwenye chumba kile cha ramani. Tuseme wanashuka hadi noti 5 kwa robo saa. Kwa noti 20, robo saa ni 20 × 15 ÷ 60, maili 5. Kwa noti 5, ni 5 × 15 ÷ 60, maili 1.25. Wamepoteza maili 3.75. Ili kuzifidia kwa noti 20, 3.75 × 60 ÷ 20, ni dakika 11 na robo. Hiyo ndiyo bei ya kujua: dakika kumi na moja kwenye safari ya karibu siku nzima. Hata zoezi la vita lina nafasi ya dakika kumi na moja. Ninachoamini ni kwamba hakuna aliyeipiga hesabu hiyo; "kupunguza mwendo" lilisikika kama kushindwa, likakataliwa likiwa neno, kabla halijawa namba.

Yaliyofuata baada ya 3:05 ni hesabu ya sekunde. Noti 20 ni mita 10 na ushei kwa sekunde. Chombo kilicho mita 300 nyuma yako kina nusu dakika hadi kifike pale uliposimama ghafla, na chombo cha urefu wa karibu mita 96 hakisimami kwa nusu dakika. S. P. Lee, iliyokuwa nyuma ya Delphy, iliona mwenzake amekwama, ikakata kushoto, ikaingia ufukweni. Young haikupata nafasi ya kugeuka. Mwamba uliichana tumbo na ndani ya dakika chache ikalala ubavu. Woodbury ilikwenda kulia ikapanda jiwe lake. Nicholas kushoto. Fuller ikakwama jirani na Woodbury. Chauncey ilikuja kuwasaidia walioning'inia juu ya ubavu wa Young, ikanasa nayo. Farragut na Somers ziligusa zikachomoka. Tano za mwisho hazikuguswa kabisa. King'ora cha Delphy, kilicholia toka ilipokwama, kiliwaokoa wa nyuma. Ila hicho king'ora kilikuwa na maana kwa yule tu aliyekuwa mbali vya kutosha kukisikia na bado akawa na maji ya kugeuzia. Mstari uliobanana, uliosifiwa mchana kwa unadhifu, uliwanyima wa mbele zile sekunde.

Walikufa 23: watatu wa Delphy, na 20 wa Young, wengi wao watu wa chumba cha moto na mitambo. Ndio waliokuwa chini kabisa, wanaoitunza ile mizunguko.

Wafugaji wa karibu walisikia kishindo, wakaja juu ya majabali na kamba, wakawateremshia waliokwama viti vya kuvutia watu juu. Wavuvi wakaokota waliokuwa Fuller na Woodbury. Waliokuwa juu ya Young walivuka kwa kamba hadi Chauncey, gizani, mmoja baada ya mwingine.

Maofisa 11 walipelekwa mahakama ya kijeshi. Watson hakumtupia mtu; alisema jukumu ni lake lote, na akashushwa katika orodha ya kupandishwa vyeo. Uamuzi ulitaja makosa makubwa ya njia. Sina ugomvi nao, ila neno "njia" linafunika mambo. Saa haikukosea, kuzidisha hakukukosea.

Eneo lile leo liko ndani ya kambi ya kijeshi ya Vandenberg, na mtu haingii hivi hivi. Ila katika mji mdogo wa Lompoc, nje ya jengo la kumbukumbu la maveterani, wameweka rafadha ya Delphy pamoja na mtaimbo wake. Unaweza kusimama ukaigusa. Ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa mizunguko toka asubuhi ile hadi saa 3:05 usiku.